Karani, Mashine na Mizani ya Korosho

Gunia la korosho likifika katika ghala la chama cha msingi huko Chiungutwa, jambo la kwanza linalolipata ni kuwekwa juu ya mizani, na la pili ni kuandikwa. Tangu hapo korosho na maandishi yake huachana njia. Korosho hupakiwa katika lori kwenda ghala kuu. Maandishi huenda katika chama kikuu cha ushirika, katika mnada na katika benki, na mwisho hurudi kijijini yakiwa fedha. Mkulima hawezi kuyafuata. Huyaona kwa mara ya mwisho yakiwa tarakimu katika stakabadhi yake, kisha huikunja, huitia mfukoni, na husubiri.

Chiungutwa ni kata ya Wilaya ya Masasi, Mkoa wa Mtwara, upande wa kwendea Newala, katika nchi ya Wamakua, Wayao na Wamakonde waliochanganyika kwa ndoa na kwa utani. Mtu hatarajii kukuta huko asili ya ufundi unaotangazwa siku hizi katika miji mikubwa kwa jina la uhandisi wa roboti za programu, yaani ufundi wa kuzifanya kazi za ofisi zijiendeshe zenyewe. Walakini ufundi huo hauna kitu kingine cha kufanyia kazi ila maandishi ya namna hiyo: tarakimu iliyoandikwa na mmoja, ikanakiliwa na wa pili, ikalinganishwa na wa tatu, ikaidhinishwa na wa nne. Mwenye kutaka kupima faida yake na hatari yake afadhali aanze pale tarakimu inapozaliwa.

Roboti inayotajwa hapa haina mkono wala mguu. Ni programu iliyowekwa katika kompyuta ya ofisi, ikapewa jina la kuingilia na neno la siri kama apewavyo karani mpya, ikafundishwa kufungua barua, kusoma hati, kuchukua tarakimu katika jedwali moja na kuitia katika jingine, kulinganisha na kutuma. Haiulizi sababu. Kitufe kilichokuwa kulia kikihamishwa kushoto, husimama. Au, jambo lililo baya zaidi, huendelea na kubonyeza kisichostahili. Kampuni zilizoeneza zana za kazi hii bado ni changa. Blue Prism ilianzishwa Uingereza mwaka wa 2001, na ile iliyokuja kuitwa UiPath ilianzishwa Bucharest, katika Romania, mwaka wa 2005. Kazi ya mhandisi ni kukaa karibu na karani kwa siku kadha wa kadha, kumtazama na kumwuliza: hapa unafanya nini, na mambo yakiwa si hivyo unafanya nini? Swali la pili ndilo zito. Karani mwenye miaka 20 kazini hulijibu bila ya kujua kuwa amelijibu, kwa kunyanyua simu na kumwuliza mwenzake wa ghalani. Na tendo hilo dogo halimo katika mwongozo wowote wa ofisi.

Jina roboti lina historia inayofaa kukumbukwa kusini. Lilitoka katika tamthilia ya Karel Čapek wa Chekoslovakia, R.U.R., iliyochapishwa mwaka wa 1920. Nduguye Josef ndiye aliyelipendekeza, kutokana na neno robota la Kicheki, ambalo maana yake ni kazi ya lazima aliyoifanya mkulima katika ardhi ya bwana wake. Kiswahili kina neno lake kwa jambo hilo: shokoa. Watu wa kusini hawakuhitaji tamthilia ili kulijua, maana walilimishwa pamba kwa amri ya Wajerumani mpaka Vita vya Majimaji vikazuka Julai 1905 katika nchi ya Wamatumbi, na mwezi uliofuata vikafika Masasi, ambako misheni ilichomwa moto. Hivyo asemaye ya kuwa roboti humpunguzia karani shokoa husema kweli zaidi ya adhaniavyo. Kunakili tarakimu kutoka karatasi moja hadi nyingine tangu saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri ni shokoa, hata kama mtendaji wake amevaa tai.

Karani mwenyewe kusini ni zao la shule za misheni. Mwaka wa 1876 Askofu Edward Steere, yule yule aliyeshughulika sana na sarufi na tafsiri za Kiswahili, aliwaongoza watumwa waliokombolewa kutoka Zanzibar akawaweka Masasi. Shule zilizoota hapo, na baadaye Chidya, zilitoa walimu na makasisi, na kando yao waandishi wa ofisi za serikali na za biashara. Kazi yao ilikuwa na kanuni moja kubwa ambayo kila mhasibu huijua: anayeandika asiwe ndiye anayekagua. Kanuni hiyo ilitungwa kwa kuogopa wizi, lakini ilileta faida nyingine isiyotajwa sana. Tarakimu moja ilipitia macho ya watu wawili wenye fikira mbili, na wa pili aliweza kuuliza, "Hii imetoka wapi?"

Mambo huharibika vipi swali hilo lisipopata wa kulijibu, watu wa Masasi walipata kuliona kwa jirani. Mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka wa 1947, uliichukua Nachingwea pamoja na Kongwa na Urambo, ukaleta matrekta na reli iliyotoka pwani ya Mtwara. Hadithi yake husimuliwa kama hadithi ya ardhi ngumu na mvua chache. Lakini wakaguzi wa hesabu walipozitazama leja za shirika lililouendesha, mwaka wa 1949, walishindwa kuzithibitisha, kwa kuwa vitabu havikuwa vimewekwa ipasavyo. Mashine za shambani zilikuwa nyingi. Mtu wa kuandika ni mashine gani iko wapi, na kipuri gani kimetumika, hakutosha. Mpango uliachwa Januari 1951, baada ya kumeza pauni zaidi ya milioni 30.

Mwaka huo huo, huko London, kampuni iliyouza chai na mikate ilifanya jambo lililo asili ya habari hizi. J. Lyons & Co., yenye mikahawa ya chai iliyojulikana Uingereza nzima, ilijitengenezea kompyuta, ikaiita LEO. Na mnamo Novemba 1951 mashine hiyo ilianza kupiga hesabu za thamani ya mikate. Hapakuwa kabla ya hapo na kompyuta iliyofanya kazi ya kawaida ya biashara. Mwaka wa 1954 ikachukua mishahara: hesabu ya mfanyakazi mmoja iliyomchukua karani stadi dakika nane, mashine iliimaliza kwa sekunde moja na nusu. Hayo ndiyo hutajwa. Yasiyotajwa sana ni kwamba wakuu wa Lyons walikuwa wamekwisha kuchunguza kazi za makarani wao kwa miaka mingi kabla ya kuwazia kompyuta. Mtu aliyeiongoza kazi ya kuyageuza mazoea ya ofisi kuwa maagizo ya mashine, David Caminer, hakuwa fundi wa umeme; alitoka katika idara iliyochunguza taratibu za ofisi, na alijua hati gani hutoka kwa nani na huishia wapi. Mhandisi wa roboti za programu wa leo ni mjukuu wake, ajue asijue. Hata baada ya hayo yote, mishahara ya mashine ililinganishwa kwanza na ya mkono kabla ya kuaminiwa.

Tanzania iliipata kompyuta yake ya kwanza mwaka wa 1965. Ilikuwa ICT 1500, ikafungwa katika Wizara ya Fedha. Kampuni ya Kiingereza iliyoiuza, pamoja na ile iliyoirithi LEO, ziliingia mwaka wa 1968 katika kampuni moja, ICL. Basi mashine ya Hazina na mashine ya mikate ni watu wa ukoo mmoja. Kilichokosekana kilikuwa Caminer. Hesabu za Serikali zilitiwa katika kompyuta na wataalamu wageni, waliokuja wakaondoka, juu ya taratibu ambazo makarani wa wizara na mikoa waliziendesha kila mtu kwa desturi yake. Vocha zilichelewa, nyingine zilitiwa mara mbili. Makosa yaliyokuwa yakisahihishwa kimya kimya na karani mzee sasa yalipita mbele kwa kasi ya umeme. Hesabu zikavurugika, ikabidi kazi ya mkono irudiwe. Mwaka wa 1974, nchi ikiwa na kompyuta saba tu, Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake.

Marufuku hiyo imechekwa sana na watu wa kizazi kilichofuata, na si haki kuicheka kiasi hicho. Fedha za kigeni zilikuwa adimu, na mashine ilikuwa imekwisha kula nyingi bila ya kurudisha. Kosa lake lilikuwa jingine: iliihukumu mashine, ikauachilia utaratibu. Kompyuta iliponyimwa ruhusa, vocha zilizochelewa ziliendelea kuchelewa, kwa kalamu. Hata amri ilipolegezwa kidogo kidogo katika miaka ya 1980 na ya 1990, mengi ya mazoea yale yalikuwa yangali yanaisubiri mashine mlangoni.

Kwa watu wa korosho mwaka huo wa 1974 hukumbukwa kwa jambo jingine. Katika msimu wa 1973/74 nchi ilikusanya tani 145,000 hivi za korosho ghafi. Kufika msimu wa 1986/87 hazikufika 17,000. Watu walihamishiwa katika vijiji mbali na mikorosho yao, bei ilikuwa duni, ugonjwa wa ubwiriunga ukaenea, na vyama vya ushirika vikavunjwa mwaka wa 1976. Hapana leja iliyoweza kulionya taifa mapema. Leja ya ununuzi huandika korosho zilizofika katika mizani; mkorosho ulioachwa porini hauna safu yake.

Mtindo wa sasa ulianza katika msimu wa 2007/08, Mtwara, kwa nguvu ya Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka wa 2005. Mkulima hupeleka korosho katika chama cha msingi, hupimwa, hupewa stakabadhi. Chama hupeleka mzigo ghala kuu, ambako hupimwa mara ya pili na kupangwa daraja. Orodha ya mizigo hutolewa, wanunuzi hushindana, mshindi hulipa benki, mzigo hufunguliwa, fedha huteremka kwa mkulima zikiwa zimekatwa ushuru na makato mbalimbali. Mtindo huu ulimwondoa mnunuzi aliyezunguka vijijini na mizani ya ulaghai, na kwa hilo unastahili sifa. Lakini uliongeza idadi ya mahali ambapo tarakimu moja lazima ilingane na nyingine, na kila mahali hapo palihitaji karani. Panapoparaganyika, mkulima ndiye alipaye. Aprili 2013, huko Liwale katika Mkoa wa Lindi, malipo ya pili ya korosho yalipofika yakiwa pungufu ya yaliyotarajiwa, ghasia zilizuka na nyumba zikachomwa moto. Waliochoma hawakuwa wamesoma jedwali la makato. Hapakuwa na mtu aliyelisoma mbele yao wakalifahamu.

Mtihani mkubwa zaidi ulikuja mwaka wa 2018. Oktoba, wakulima wa Newala na Tandahimba waliikataa bei ya mnada. Novemba, Rais John Magufuli aliagiza Serikali inunue korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likapewa kazi ya kuzisomba. Msimu uliotangulia nchi ilikuwa imekusanya tani zaidi ya 300,000. Kwa hiyo waliongojea kulipwa walikuwa umati. Na kwa kuwa kulikuwa na kangomba, yaani wale wanaonunua korosho kwa mkulima mwenye dhiki kwa bei ya kutupa kabla ya msimu kisha wakaziuza kama zao, iliamriwa kila muuzaji ahakikiwe kwanza. Watu walitumwa vijijini kulinganisha jina la mkulima na akaunti yake, na uzito wa mzigo wake na shamba lake. Kazi hiyo ilikwenda miezi, na malipo ya wengine yalivuka mwaka.

Anayeijua roboti ya programu atasema: kazi hiyo ingekwisha kwa siku mbili. Kwa sehemu yake moja, ni kweli. Kulinganisha orodha ya chama na orodha ya benki ndiyo kazi hasa aliyozaliwa nayo. Lakini katika nchi ya Masasi na Newala mtu mmoja huandikwa Mohamedi katika chama, Muhamadi katika benki na Mohammed katika kitambulisho. Mwanamke huandikwa kwa jina la baba mahali pamoja na kwa jina la mume mahali pengine. Shamba ni la mjomba aliyekufa, mvunaji ni mpwa, na akaunti ni ya mke wa mpwa. Wala hapana aliyedanganya. Roboti huyapanga haya yote katika fungu moja liitwalo "hayalingani", pamoja na ya kangomba halisi. Mhandisi mwadilifu hujua ya kuwa fungu hilo ndilo kazi yenyewe, na huuliza mapema ni nani atakayelifungua. Mhandisi mwenye haraka huhesabu yaliyolingana, akaenda kutoa taarifa ya ufanisi.

Mfano wa pili ni wa kila msimu, nao una jina la Kiswahili lisilohitaji kutafsiriwa: unyaufu. Korosho zinazopimwa Chiungutwa zikiwa na unyevu hukauka katika ghala na njiani, na zipimwapo ghala kuu huwa nyepesi zaidi. Tarakimu ya pili hupungua kuliko ya kwanza. Upungufu huo huenda ukawa unyaufu wa haki. Huenda ukawa gunia lililotoboka. Huenda ukawa mchanga uliochekechwa huko kituoni. Huenda ukawa mkono wa mtu usiku. Katika jedwali sababu hizo nne zina sura moja. Roboti huweza kupewa kiwango, kwamba upungufu wa kadiri fulani upite na uzidio usimamishwe, na hapo mwizi hujifunza kiwango hicho kabla ya wiki kwisha, akaiba chini yake. Karani wa ghala hujua kwa namna nyingine. Hutia mkono katika gunia, huzitikisa korosho katika kiganja na kusikiliza, hukumbuka kama lori lililala njiani. Elimu hii haikuandikwa popote, wala si ajabu kuwa hutumiwa vibaya na makarani wabaya. Maana yule anayeweza kutambua unyaufu wa haki ndiye pia anayeweza kuusingizia.

Hapo ndipo ilipo shida ya ufundi huu kwa watu wa korosho, wala haiko katika hofu ya makarani kukosa kazi, inayozungumzwa zaidi. Kazi ya kunakili itakwisha, na hakuna atakayeililia. Linalobaki ni kujua mkulima atagombana na nani. Zamani aligombana na karani: alimfahamu, alimfuata nyumbani, pengine alimtaja katika mkutano wa chama mbele ya watu, na karani aliona haya au hakuona. Roboti haina nyumba. Ikikosea, ofisi ya wilaya husema ni mfumo, ofisi ya mfumo husema ni taarifa zilizoletwa na chama, chama husema karani aliandika sawasawa, na stakabadhi ya mkulima inasema vingine.

Sheria imekwisha kulitazama jambo hilo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka wa 2022 inampa mtu haki kuhusu maamuzi yanayomgusa sana yakifanywa kwa njia ya mashine peke yake. Haki hiyo ni njema. Hata hivyo inamtaka mwenye nayo ajue kwanza kuwa uamuzi ulifanywa na mashine, jambo ambalo stakabadhi haisemi. Katika msimu wa 2024/25 minada ya korosho ilihamishiwa katika Soko la Bidhaa Tanzania, ambako wanunuzi hushindana kwa kompyuta. Barua za zabuni zilizokuwa zikitiwa katika sanduku na kufunguliwa hadharani zikawa tarakimu katika kioo. Bei katika minada ya kwanza ilipita shilingi 4,000 kwa kilo, na wakulima waliifurahia. Ikumbukwe tu kwamba furaha hiyo ilikuwa ya bei. Wakati huo kioo kilikuwa hakijapimwa bado katika mwaka wa bei mbaya, mfano wa Oktoba 2018, wakati ambapo watu hutaka kujua nani alisema nini na kwa nini wengine hawakusema.

Sasa hata mizani imeanza kubadilika. Mizani ya kidijitali imekwisha kupelekwa katika vyama vya msingi vya kusini. Uzito hautegemei tena jicho la karani wala kalamu yake. Udanganyifu wa namna ya kale, wa kupunguza kilo moja au mbili katika kila gunia, umepata adui wa kweli. Lakini gunia bado hupandishwa juu ya bamba na watu. Mmoja huangalia kama limelalia ukuta, mwingine hufungua mdomo wake atazame kama ndani mna mchanga au korosho mbovu. Na katika ghala nyingi karani, ijapokuwa tarakimu zinawaka mbele ya wote, bado hutaja uzito kwa sauti, na mkulima huurudia kwa sauti yake kabla ya kulipisha gunia jingine.